Kasha la barafu la faiba kwa intakula ya maji: tathmini ya kazi ya karakana moja ya boti, Unguja

Karakana ninayoizungumzia iko ukanda wa pwani, kaskazini ya Mji wa Zanzibar, na kazi yake ya kila siku ni kutengeneza na kuziba boti za faiba pamoja na makasha ya barafu ya wavuvi. Mafundi wake hawajitangazi kuwa wanashughulika na magari, wala hapana kibao mlangoni kinachotaja injini yoyote isipokuwa zile zinazofungwa nyuma ya boti. Hata hivyo ndiko tulikotengenezesha tangi la kuyaweka baridi maji ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini, ya Mercedes-Benz E55 AMG ninayoihudumia, gari la supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa) linalovushwa kwa meli kwenda Bara kila panapotangazwa mbio za drag, zile fupi za njia iliyonyooka. Baada ya kulitumia tangi hilo kaskazi nzima naona inafaa kulieleza kwa kirefu, kwa sababu swali la namna ya kuyapoza maji hayo huulizwa sana na wenye magari ya aina hii, na majibu mengi wanayopewa yanahusu ukubwa wa tangi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la mwisho kuangaliwa.

Gari lenyewe ni la toleo lililouzwa kati ya 2003 na 2006, lenye injini ya V8 ya sentimita za ujazo 5,439 na nguvu farasi 476 kwa hesabu ya kiwandani. Supachaja yake ni ya skrubu mbili, imetengenezwa na kampuni ya IHI, na huzungushwa na mkanda wa injini ili kuisukuma hewa ndani kwa shinikizo la takriban bar 0.8 juu ya lile la kawaida. Hewa ikibanwa kiasi hicho hupata moto. Ikiingia na nyuzi 32 za sentigredi, ambazo ndizo za mchana wa kaskazi hapa kwetu, inaweza kutoka kwenye supachaja ikiwa imepita nyuzi 100. Hasara yake ni mbili. Kwanza, hewa ya moto ni nyepesi, kiasi kwamba kwa shinikizo lile lile hewa ya nyuzi 60 huwa pungufu ya ile ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9 ya uzito; pili, kompyuta ya gari ikihisi joto hilo huchelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, yaani mafuta yasijiwashe yenyewe ndani ya silinda, na nguvu zikapungua zaidi. Intakula ya maji huwekwa katikati ya supachaja na silinda ili kuiondolea hewa joto hilo, kisha maji yaliyolibeba husukumwa na pampu ndogo ya umeme hadi kwenye rejeta iliyo mbele ya gari, yakapozwa na upepo. Kwa safari za barabarani mpango huo unatosha kabisa. Kasoro yake kwa mwenye kushindana ni kwamba upepo hauwezi kuyashusha maji chini ya joto lake wenyewe, na gari lililosimama kwenye foleni ya kusubiri zamu halina hata huo upepo.

Ndipo inapoingia barafu, inayotiwa tangini pamoja na maji hayo, na ndipo pia hesabu nyingi zinapokosewa. Wengi hudhani kwamba barafu huliwa wakati gari linakimbia. Injini ya nguvu hizo humeza karibu theluthi moja ya kilo ya hewa kila sekunde, na kuipoza hewa hiyo kutoka nyuzi 110 hadi 50 ni kuondoa joto la kilowati 20 hivi. Robo maili, yaani mita 402, huisha kwa sekunde 13 au pungufu, kwa hiyo joto lote la mbio moja ni kama kilojuli 260. Kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu, kabla maji yake hayajaanza kupanda hata nyuzi moja. Maana yake ni kwamba mbio nzima, tangu taa ya kijani hadi mstari wa mwisho, haimalizi kilo moja ya barafu.

Kinachoila barafu ni kusubiri. Lita 10 za maji yaliyokwisha kufika nyuzi 50 zinahitaji zaidi ya kilo 5 za barafu ili zishuke hadi nyuzi 5. Kilo 20 za alumini ya supachaja na vifuniko vyake, zikiwa zimepata moto wa nyuzi 80 baada ya injini kuzimwa, hutoa kilojuli 900 ili zishuke hadi 30, na hizo ni karibu kilo 3 nyingine. Juu ya hayo kuna jua, kuna lami inayorudisha joto kwa chini, kuna buti lililofungwa ambamo tangi hukaa, na kuna ile saa nzima ambayo waandaaji husema ni dakika kumi. Kwa sababu hiyo mimi hulipima tangi kwanza kwa jinsi linavyolizuia joto la nje likiwa limekaa bila kazi, na kwa kipimo hicho kasha la karakana hii limeshinda matangi yote ya madukani niliyopata kuyashika.

Limetengenezwa kwa namna ile ile ya kasha la mvuvi. Kuna ganda la ndani la faiba na ganda la nje, na katikati yake povu la poliurethani lenye unene wa sentimita 5 pande zote sita, mfuniko ukiwemo. Ujazo wake ni lita 25. Povu la aina hiyo hupitisha joto kidogo sana, na kwa vipimo vya kasha hili, ndani kukiwa na nyuzi sifuri na nje nyuzi 30, joto linalopenya halizidi wati 15. Kwa saa 8 za kukaa uwanjani hiyo ni kilo moja na robo ya barafu tu. Tangi la alumini lisilo na kinga, kama yanavyouzwa mengi yaliyong'arishwa kwa ajili ya kupendeza macho, hupoteza mara kumi ya hapo, kwani chuma hicho hupitisha joto kwa wepesi na jasho linalojikusanya juu yake huongeza joto jingine. Sisemi kwamba alumini haifai. Ni nyepesi zaidi, hupachikwa viunganishi kwa kuchomelea, na haipasuki. Ila mwenye kuinunua na asiifunike kwa povu amenunua rejeta ya pili, inayofanya kazi kinyume.

Mfuniko ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ukingo wake una mpira mnene unaokaa ndani ya mfereji, na hubanwa na vitasa viwili vya chuma kisichoshika kutu, vile vile vinavyofungwa kwenye milango ya boti. Fundi mkuu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba kwa uzoefu wake barafu ya mvuvi huondoka kupitia mfunikoni, si kwa sababu ya samaki, na kwamba kasha lisilobana juu asingemkabidhi mtu yeyote hata akilipwa. Pembe za ndani zimeviringwa, kwa hiyo vipande vya barafu havinasi kwenye kona bali huteremka chini kwenye maji kadiri vinavyopungua. Rangi ya nje ni jelkoti (tabaka gumu la juu la faiba) nyeupe iliyosuguliwa vizuri, na kwa kitu kitakachofichwa ndani ya buti nilidhani wangeilipua kazi, hawakuilipua.

Upungufu umo kwenye matundu. Mafundi wa boti wamezoea tundu moja tu, la kutolea maji machafu, na walipoambiwa kwamba kasha hili linahitaji njia ya kutoka na njia ya kurudi, walizitoboa zote mbili upande mmoja, zikiwa zimeachana kiasi cha shubiri. Kwa kasha la samaki isingekuwa neno. Kwa intakula ni kosa kubwa, kwa sababu maji yanayorudi yakiwa na moto hunyonywa papo hapo na kurudishwa kwenye injini bila ya kupita kwenye barafu, na mtu akifungua mfuniko huikuta barafu yake nzima huku kipimajoto cha gari kikionyesha nyuzi 45. Njia ya kurudi inapaswa kuwa juu, ya kutoka iwe chini, na ziwe ncha mbili zinazotazamana. Vile vile ncha yenye pampu lazima ielekee nyuma ya gari, maana gari likichomoka maji yote hurundikana nyuma, na pampu iliyo mbele hubaki ikimeza hewa wakati ule ule inapohitajiwa zaidi. Karakana ililiziba tundu moja na kutoboa jingine bila ya malipo ya ziada, kwa uungwana kabisa, ila ilitugharimu safari na muda. Viunganishi walivyoweka pia vilikuwa vya plastiki, na ilibidi kuvibadilisha kwa vya shaba.

Kuhusu pampu, karakana haiuzi, lakini maduka ya vifaa vya boti yaliyo mtaa wa Malindi, hapa Mjini, yanazo pampu za kutolea maji ya boti, zikiwemo za chapa ya Rule, ambazo hata Marekani washindani wengi huzitumia kwenye matangi ya barafu. Zina faida ya kukaa ndani ya maji yenyewe, hivyo hazihitaji kujazwa kabla ya kuwashwa, na mota yake hupozwa na yale yale maji inayoyasukuma. Inafaa tu kujua namna ya kuisoma namba iliyo juu yake. Pampu iliyoandikwa galoni 2,000 kwa saa, ambazo ni lita 7,500 na zaidi, hutoa kiasi hicho ikiwa mdomo wake uko wazi na haipandishi maji popote. Ikishafungwa mpira wa maji mwembamba, kona tatu, na intakula yenye vijia vidogo, hubaki na sehemu tu ya uwezo huo, kwani haikuundwa kushindana na mkinzano. Kwa hiyo anayeichagua achague yenye namba kubwa kuliko anayodhani inamtosha, aipe mpira mpana kadiri viunganishi vya intakula vinavyoruhusu, na aipe waya mnene wenye relei (swichi ya umeme mkubwa) na fyuzi yake, asiiunganishe kwenye waya wa taa. Kwenye E55 betri kubwa iko humo humo butini, jambo linaloufanya waya uwe mfupi na kuufanya uvujaji wa maji uwe na hatari yake. Kasha lifungwe mbali nayo na liwe na sinia chini yake.

Kufunga kwenyewe kusifanyiwe mzaha. Kasha likiwa na maji na barafu hufikia kilo 35 hivi, na kamba za mizigo hazitoshi. Tumelifunga kwa boliti nne zinazopita kwenye chuma cha bodi, zikiwa na vibao vipana upande wa chini. Uzito huo si hasara tupu, kwa kuwa gari hili husukumwa na matairi ya nyuma na mzigo ulio nyuma huyasaidia kushika lami. Na kwa kanuni inayotumiwa sana na wana-drag, ya kwamba kilo 45 hula sehemu moja ya kumi ya sekunde, kilo 35 hugharimu kidogo kuliko kinachopotea injini ikivuta hewa ya moto.

Jambo ambalo hakuna aliyetuuliza, na ambalo naliona la msingi kuliko kasha lenyewe, ni rejeta ya mbele. Maji yanayotoka kwenye barafu yakiwa na nyuzi 4, yakapitishwa kwenye rejeta inayopigwa na upepo wa nyuzi 32, hayapozwi humo, yanapashwa moto. Barafu iliyonunuliwa kwa fedha hutumika kuupoza upepo wa uwanja mzima. Siku ya mashindano ni lazima rejeta ikatwe kwenye mzunguko, na njia rahisi ni vali mbili za njia tatu: zikigeuzwa upande mmoja maji hupita mbele kama kiwanda kilivyokusudia, zikigeuzwa upande mwingine huzunguka baina ya kasha na intakula tu. Tena katika mzunguko huo mfupi upepo ulionaswa ndani ya mipira huwa adui, hivyo pampu iwashwe mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe kabisa.

Kuhusu kinachotiwa ndani, ushauri wangu ni maji safi pamoja na kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia kutu, basi. Kulanti ya glikoli, ile dawa ya kuzuia maji yasigande, ina maana kwa nchi zenye theluji. Ikichanganywa nusu kwa nusu uwezo wa maji kubeba joto hupungua kwa karibu asilimia 20, na viwanja vingi vya Marekani haviiruhusu kwa kuwa ikimwagika huifanya njia iteleze na ni taabu kuisafisha. Chumvi inayashusha maji chini ya sifuri, ni kweli, na inaila alumini vile vile. Kwa hoja hiyo hiyo barafu ya sokoni iangaliwe: ile iliyokwisha kulaliwa na samaki ina chumvi, magamba na mchanga, na magamba ndiyo yanayoziba vijia vya intakula. Barafu inunuliwe moja kwa moja kwa wanaoigandisha, kabla haijafika kwenye meza ya changu na jodari, na mdomo wa pampu uwekewe chujio hata hivyo. Ya kusagwa hupoza upesi kwa sababu maji huigusa pande nyingi. Pande zima hudumu zaidi lakini hupoza polepole. Sisi huweka pande moja chini kwa ajili ya akiba na kujaza ya kusaga juu yake kabla ya kila zamu. Chupa za plastiki zilizogandishwa, ambazo wengi huzisifu kwa usafi wake, hazifai, kwa kuwa plastiki huzuia joto na gari halina muda wa kulisubiri lipite.

Na maji yaliyokwisha kupata moto yasipozwe kwa barafu. Yafunguliwe yamwagwe mahali panaporuhusiwa, kisha yatiwe mengine yaliyolala kwenye friji, ndipo barafu iongezwe. Kilo 5 za barafu zinazookolewa kwa kitendo hicho ni sawa na joto la mbio 6. Kwa bahati mbaya bomba la kutolea maji lililowekwa na karakana ni jembamba, na kulisubiri kasha liishe baina ya zamu mbili ni mtihani.

Unyevu wa visiwa vyetu una lake pia. Mipira yenye maji ya nyuzi 4 hutoa jasho mara tu inapokutana na hewa ya hapa, na jasho hilo hudondoka. Likidondoka chini ya gari karibu na matairi ya nyuma kwenye mstari wa kuondokea, msimamizi wa mbio atakutoa kwenye foleni na atakuwa na haki. Tumeivisha mipira yote ule mpira mweusi wa sponji unaotumiwa na mafundi wa viyoyozi, ambao hupatikana kwa urahisi Mwanakwerekwe na ni wa bei nafuu. Kasha lenyewe halitoi jasho hata tone, na hiyo ni sifa nyingine ya povu lake.

Wapo wanaouliza kama haingekuwa bora kutumia gesi ya kiyoyozi cha gari, kama Dodge walivyofanya kwenye Challenger SRT Demon ya 2018, ambapo kiyoyozi huacha kumpoza dereva kikageuzwa kuyapoza maji ya supachaja. Ni ufundi mzuri, na una fadhila ya kutohitaji kutafuta barafu. Kwa gari ambalo halikuzaliwa nao, hata hivyo, gharama yake ni kubwa, na kiyoyozi kinachohangaika kumpoza dereva mwezi wa Februari sikitarajii kiwe na ziada ya kuipa injini.

Tulipatana shilingi laki tatu na nusu kwa kasha, bila ya pampu wala vali, na hiyo ni chini ya theluthi moja ya gharama ya kuagiza tangi la alumini la ujazo huo ukijumlisha usafiri na ushuru. Ahadi ya siku ya kukabidhiwa haikutimizwa, kwa maelezo kwamba rezini, ile gundi ya faiba, haikauki vizuri hewa ikiwa na unyevu, maelezo ambayo ni ya kweli ingawa unyevu huo haukuanza juzi. Harufu ya rezini hubaki kwa muda. Kasha lioshwe na kuachwa wazi juani kabla ya kufungiwa butini. Mteja aende na vipimo vya buti lake kwenye karatasi, achore wazi matundu yanakaa wapi na ya upana gani, aagize bomba la kumwagia liwe pana, na viunganishi vya shaba avipeleke mwenyewe ili vizamishwe ndani ya faiba wakati wa kazi badala ya kupachikwa baadaye. Mwenzetu mwenye Range Rover ya supachaja ameshaagiza lake la lita 15 kwa masharti hayo, na matundu atatoboa fundi wa magari.